Barua ya wazi kwa Meya: Naomba kalavati moja tu

Mheshimiwa Meya,

Salamu za heshima. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo, maana viti vyote viko nje vinaanikwa. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza zilipokewa, zikagongwa muhuri, na naamini zimehifadhiwa pakavu kuliko ninapolala mimi.

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilinyesha kwa saa moja na nusu. Ilipokatika tukashukuru, tukalala. Maji yakaja baadaye, kimya kimya, chini ya mlango, yakapanda hadi kwenye kanyagio la cherehani. Mimi ni fundi wa nguo, Mheshimiwa. Vitambaa vya wateja vimegeuka rangi ya tope, na kimoja ni cha bibi harusi wa Jumamosi hii. Sijampigia simu bado. Nimpe namba yako?

Ulipozindua barabara yetu ulisema mafuriko yatabaki hadithi. Mtaro mpya ni mzuri kweli, mpana, umejengewa kwa mawe. Lakini mwisho wake unamwaga maji kwenye kalavati lile lile la zamani, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, jembamba, lililojaa mchanga hadi katikati. Mimi si mhandisi, ila nimeulizia: kwa mteremko uleule, bomba lenye nusu ya kipenyo halipitishi nusu ya maji, hupitisha chini hata ya robo. Kwa hiyo mtaro wako umetuletea maji upesi zaidi, basi. Zamani yalitawanyika uwanjani yakanywewa na ardhi. Sasa uwanja umesakafiwa. Au pengine tatizo ni wale waliojaza vifusi kinamasini usiku. Kibali walipewa na nani, sijui.

Afisa wako alituambia ni mabadiliko ya tabianchi. Sibishi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ila tabianchi haikutupa godoro ndani ya kalavati. Lilitupwa na mtu wa mtaani kwetu, nakiri kwa aibu, na limelala humo tangu kiangazi bila kuguswa. Fungu la kujenga mitaro halikosekani. La kuizibua liko wapi?

Mji wa Copenhagen, kule Denmark, ulifurika kwa mvua ya saa chache Julai 2011, na mwaka uliofuata ukawa na mpango wake wa mvua kubwa: bustani na barabara za kupokea maji. Siombi bustani, Mheshimiwa. Naomba kalavati. Lizibuliwe wiki hii, kisha lipanuliwe lilingane na mtaro. Hata wiki ijayo. Lakini lizibuliwe kwanza. Mawingu yameshaanza kujikusanya tena.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, nyumba ya kwanza kando ya kalavati