Kwa nini matembezi yetu ya Ortigia yanaanzia ubavuni mwa kanisa

Wageni wengi wanaotuandikia kabla ya kuja Siracusa, huku Sisilia, Italia, huuliza tutawaonyesha magofu gani. Magofu yapo, na tutayafikia. Lakini hekalu la kale tunalolipenda kuliko yote si gofu. Lina paa, lina milango, na watu wanasali ndani yake mpaka leo.

Zamani tulikuwa tukikutana na wageni kwenye uwanja mkubwa wa Ortigia, kisiwa kidogo chenye mji wa kale wa Siracusa, mbele ya kanisa kuu. Lilikuwa kosa letu. Uso wa kanisa hilo ni wa karne ya 18. Ulijengwa baada ya tetemeko la mwaka 1693 lililobomoa miji mingi ya Sisilia mashariki. Ni mzuri mno, na uzuri wake ndio uliotuponza: wageni walipiga picha, wakageuka kwenda kutafuta kivuli, wakaondoka wakiamini wameona jengo la miaka mia tatu.

Siku hizi tunakutana kando, katika njia ya Via Minerva. Hapo ukuta wa kanisa unaonyesha wazi nguzo nene za mawe zenye michirizi ya wima. Ni nguzo za hekalu la Athena, mungu wa kike wa hekima wa Wagiriki, lililojengwa baada ya mwaka 480 KK, Gelon mtawala wa Siracusa alipowashinda Wakarthago, watu wa Karthago ya Afrika Kaskazini, kule Himera, kaskazini mwa Sisilia. Baadaye Wakristo waliziba nafasi kati ya nguzo kwa mawe, kisha wakatoboa matao katika kuta za chumba cha ndani, na hekalu likawa kanisa. Waarabu waliuteka mji mwaka 878, wakafuatia Wanormani. Kila aliyekuja alikuta nguzo zimesimama, akajenga juu ya alichokikuta. Tunawapa wageni muda wa kutosha mbele ya ukuta huu kabla ya kusema lolote.

Halafu tunateremka hadi chemchemi ya Arethusa, na hapo ndipo tunapokaa zaidi. Maji yake hububujika hatua chache tu kutoka baharini, na katikati ya bwawa kuna mafunjo, yale yale ambayo wageni wetu wa Uganda na Kisumu wanayajua kutoka ziwani kwao.

Wagiriki walisimulia kwamba Arethusa alikuwa mfuasi wa Artemis, mungu wa kike wa uwindaji. Siku moja alioga katika mto Alpheios, kule Peloponnesos, kusini mwa Ugiriki. Mungu wa mto akamtamani, akamkimbiza. Arethusa akamlilia Artemis, naye akamgeuza maji. Maji yakapita chini ya bahari, yakaibukia hapa Ortigia, na Alpheios akayafuata mpaka huku. Wengine waliongeza kwamba kikombe kilichotupwa mtoni kule Olympia kilionekana katika chemchemi hii.

Hapa lazima mtu aulize: je, ni kweli? Hatulikwepi swali hilo. Strabo, mwanajiografia wa kale, alilijibu yapata miaka elfu mbili iliyopita, akaikataa hadithi ya kikombe. Ndiyo maana waongozaji wetu hutumia maneno mawili kwa uangalifu: “walisimulia” kwa visasili, na “tunajua” kwa historia. Tunajua kwamba Wagiriki kutoka Korintho waliweka makazi hapa. Mapokeo yanataja mwaka 734 KK. Tunajua kwamba sarafu za Siracusa zilichorwa kichwa cha Arethusa kikizungukwa na pomboo. Kwa maoni yetu, watu waliovuka bahari na kuacha kwao walihitaji hadithi ya maji yaliyovuka bahari kama wao. Na aliyekulia pwani haambiwi thamani ya maji baridi, yasiyo na chumvi, karibu na bandari.

Wageni wetu Wakristo mara nyingi huja na Biblia mkononi, wakiwa wamefungua Matendo ya Mitume, sura ya 28. Mtume Paulo alipita hapa akitokea Malta katika meli ya Aleksandria, akakaa siku tatu. Tunausoma mstari huo pamoja, tukitazama bandari. Kumbuka kwamba nguzo za Athena zilikuwa zimesimama tayari siku hizo.

Hekalu la Apollo, mungu mwingine wa Wagiriki, karibu na daraja la kuingilia kisiwani, tunalimaliza haraka. Ndilo gofu mlilouliza: la karne ya 6 KK, lenye maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye ngazi yake.

Matembezi huchukua saa mbili na nusu. Vaa viatu visivyoteleza, kwa kuwa mawe ya uwanjani yamelainika kwa kukanyagwa, na njoo na mtandio wa kufunika mabega ndani ya kanisa. Wakati wa ibada hatuingii. Tunabadilisha mpangilio na kuanza na chemchemi. Ukiandamana na mzazi asiyeweza kutembea sana, tuambie mapema. Karibu na chemchemi kuna mahali pa kuketi, na tutamsimulia hapo hapo.