Almasi ya njano haikuzeekea kidoleni

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika wiki iliyopita kuhusu pete aliyorithi kwa mama yake. Sonara kamwambia almasi yake ina unjano kwa sababu “imezeeka”, na sasa anauliza aioshe kwa dawa au aiuze kabla haijageuka zaidi. Dada yangu, dawa usitie, na kama ni kwa sababu hiyo tu, usiuze.

Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuchambua almasi. Unakaa mezani karibu na dirisha, karatasi nyeupe mbele yako, kibano mkononi, na rundo la mawe ambayo mgeni angedhani ni vipande vya chupa. Unayatenga kwa ukubwa, kwa umbo, kwa usafi, halafu kwa rangi. Kwenye rangi ndipo watu wanapogombana. Mawe mawili kila moja likiwa peke yake utaapa yote ni meupe; yasogeze yakae bega kwa bega, moja linajifichua.

Unjano huo unaletwa na naitrojeni, hiyo hiyo iliyojaa katika hewa tunayovuta. Almasi ni kaboni. Inapojijenga huko chini, kilomita 150 na zaidi, atomu chache za naitrojeni hujipenyeza na kukalia nafasi za kaboni. Hata moja kati ya laki moja inaweza kutosha. Hizo hunyonya mwanga wa buluu, na unaobaki jicho linauona wa njano.

Sonara wako aligusa ukweli bila kujua. Naitrojeni zikiwa moja moja, jiwe huwa la njano kali sana, nalo ni adimu mno. Lakini jiwe likikaa kwenye joto la ardhini kwa mamia ya mamilioni ya miaka, atomu hizo huhama polepole na kuungana. Zikiwa mbili mbili hazitii rangi. Zikiwa tatu, zimezunguka nafasi iliyo wazi, ndipo unapatikana ule unjano hafifu tuliokuwa tukiuona karibu kila siku. Kwa hiyo uzee upo, ila ni wa kabla binadamu hajaumbwa. Kidoleni mwa mama yako haukuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mafuta ya ngozi na losheni, vinavyoganda chini ya jiwe: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Tena kama pete ni ya dhahabu ya njano, rangi yake inaingia ndani ya jiwe na kukudanganya. Ndiyo maana wapimaji hulitoa jiwe kwenye pete, wakalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, wakalilinganisha na mawe ya mfano.

Upimaji wenyewe huanza na herufi D, jiwe lisilo na rangi, hadi Z. Kadiri unavyoielekea Z ndivyo bei inavyoshuka. Ukivuka Z, njano ikawa njano kweli, bei inapanda tena. Kitu kile kile, naitrojeni, kidogo ni kasoro na kingi ni fahari! Miaka yote sijawahi kuiona mantiki yake, lakini soko haliniulizi mimi.

Wakazi wa Shinyanga mtaniuliza lile la waridi la Mwadui, la karati 54.5 (karati tano ni gramu moja), lililopatikana 1947 na Dk. Williamson, mwenye mgodi, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Habari yake ni nyingine: rangi ya waridi hutokana na mpangilio wa atomu kupindishwa na mgandamizo. Mimi mapenzi yangu yako kwenye njano.

Mawe makubwa ya njano yametoka sana katika ardhi ya Afrika. Lile la Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, lilichimbwa Kimberley, Afrika Kusini, karibu mwaka 1877, likiwa na karati 287.42. Lilinunuliwa kwa dola 18,000 na kukatiwa Paris, wakabakiza karati 128.54. Wakataji waliweka nyuso 82, wakati jiwe la duara la kawaida huwa na 57 au 58. Walitaka njano iive ndani, uzito upungue utakavyopungua. Hapo nawavulia kofia.

Ila kuna jingine, la jirani zetu wa Mbuji-Mayi, Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 binti mdogo alikuwa akicheza kwenye lundo la magwangala yaliyotupwa na mgodi, akaokota jiwe la karati 890, gramu 178. Akampelekea mjomba wake, mjomba akauza, likapita mikono mpaka Antwerp, mji wa biashara ya almasi Ubelgiji. Majina ya wanunuzi yanajulikana. Huyo mtoto husimuliwa kama “binti” basi. Baada ya miaka ya kulikata likawa na karati 407.48, likaitwa Incomparable, njano yenye ukahawia. Mwaka 1988 lilipelekwa mnadani New York, dau likafika zaidi ya dola milioni 10, wenyewe wakakataa.

Baadaye likakatwa upya ili njano ikolee, likashuka hadi karati 303.10 na kupewa jina la Golden Canary. Zaidi ya karati 100 zikageuka vumbi na vipande. Desemba 2022 likauzwa dola milioni 12.4, miaka 34 baada ya kulikataa dau lile. Rangi ilikolea kweli, sibishi. Lakini ningekuwa mimi mezani siku ile, ningeliacha lilivyo.

Mchambuzi mstaafu wa almasi,
Maganzo, Shinyanga