Plagini ya Swaleh na klasi zisizoonekana

Mji wa Kale, Mombasa

Ndugu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Natumai nyote Likoni hamjambo. Umeniambia plagini (kiongezi) uliyoiandikia JMeter, ile programu ya Java ya kupimia uwezo wa seva, inaanguka kwa kukosa klasi, yaani kipande cha programu ya Java. Logi yako, rekodi ya makosa, nimeipitia, na sioni haja ya kugusa kodi ya programu. JMeter imeiona plagini. Isichokiona ni maktaba ambayo plagini inaitegemea.

Soma jina la kosa kabla ya kukompaili upya. ClassNotFoundException maana yake klasi imetafutwa kwa jina lake ikakosekana. NoClassDefFoundError, kama hii yako ya org/apache/kafka/clients/producer/KafkaProducer, ni klasi iliyokuwepo ulipokompaili lakini haipo unapoendesha. Ila ujumbe ukisema "Could not initialize class", usihamishe faili lolote. Klasi imepatikana, kilichoanguka ni sehemu yake ya static (ile inayoendeshwa klasi inapoanzishwa), na chanzo kiko juu zaidi kwenye jmeter.log: tafuta ExceptionInInitializerError ya kwanza. Hapo wengi hupoteza siku nzima. NoSuchMethodError nayo ni jar (faili linalofunga klasi za Java pamoja) ipo, toleo silo.

Sasa mpangilio. Jar ya plagini yenyewe ikae kwenye folda ya JMeter iitwayo lib/ext. Zile inazozitegemea, kama kafka-clients (maktaba ya kuzungumza na Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe), zikae lib. Usiziweke kwenye folda ndogo ndani yake, hazisomwi. Kama hutaki kuchanganya zako na za JMeter, andika plugin_dependency_paths kwenye user.properties (faili la mipangilio ya JMeter) na uielekeze kwenye folda yako. CLASSPATH (orodha ya mahali pa kutafutia klasi) sahau kabisa: ukianzisha kwa java -jar, Java haiitazami.

Najua utashawishika kurundika kila kitu kwenye jar moja nene. Mimi siipendi njia hiyo, lakini ukiishika, basi ApacheJMeter_core na ApacheJMeter_java ziwe na scope ya provided kwenye pom.xml (faili la Maven, zana ya kujengea programu), yaani zitumike kukompaili tu bila kufungwa ndani ya jar. La sivyo utabeba nakala ya pili ya klasi za JMeter pamoja na slf4j (maktaba ya kuandika logi) ya toleo jingine, kisha ushangae makosa yasiyoeleweka. Amri ya mvn dependency:tree itakuonyesha nani kaleta nini.

Ukitaka ushahidi wa jar gani imetumika, endesha hivi:

JVM_ARGS="-verbose:class" ./jmeter -n -t mpango.jmx > klasi.txt

Halafu tafuta KafkaProducer ndani ya klasi.txt, pembeni ya jina utaona faili ilikotoka. Mara nyingi utakuta jar kuukuu ya kafka-clients iliyosahauliwa lib. Matoleo mawili ya maktaba moja yasikae pamoja: futa moja.

Ukipata UnsupportedClassVersionError, hilo ni jepesi, klasi na Java ya seva hazilingani matoleo: kwenye ujumbe, namba 61 ni Java 17, 52 ni Java 8. Kompaili kwa --release 8, au pandisha Java ya seva.

Na klasi yako isipojitokeza kwenye orodha ya Java Request (kipengele cha JMeter kinachoendesha klasi zako) bila kosa lolote, angalia kwamba si abstract, ni public, na ina konstrakta ya public isiyopokea kitu.

Jambo la mwisho, kwa kuwa mnatumia mashine kadhaa: JMeter hupeleka faili la .jmx (mpango wa jaribio) kwa kila jmeter-server, yaani kila mashine inayosaidia kuendesha jaribio, lakini jar haipeleki. Zinakili mwenyewe kote, kisha uzime na kuwasha kila seva, maana jar husomwa wakati wa kuanza tu.

Ikigoma bado, nitumie klasi.txt na orodha ya yaliyomo lib na lib/ext.

Wasalaam,
Badi