Mkutano wa Alhamisi: nani atasema kwa niaba yako?

Asalaam aleikum dada zangu na mashangazi. Tukutane Alhamisi baada ya Alasiri, barazani kwetu Langoni, Lamu. Njooni na kalamu, tuandike nani atatuamulia matibabu tukiwa hatujiwezi.

Bibi yetu alipozidiwa, tulisimama gatini saa nane usiku, yeye kalazwa kwenye boti akingoja kuvushwa Mokowe, bara, na wajomba wawili wanabishana juu ya kichwa chake. Mmoja ataka apelekwe Mombasa akawekwe mashine ya kupumulia, mwengine asema bibi alitaka kufia kitandani pake. Hakuna aliyejua, kwani hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyekuwa nampikia kila siku!

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yakuruhusu kumteua kwa maandishi mtu wa kukubali matibabu kwa niaba yako ukiwa hujiwezi. Andika jina lake, unalotaka na usilotaka, utie sahihi. Nakala mpe yeye, usiifungie kashani. Ukibadili nia, ichane, andika nyengine.

Mambo ya thuluthi (ile sehemu ya mali unayoweza kuusia) na mirathi tumuachie kadhi, karatasi hii ni ya mwili wako ungali hai. Na si kujitakia kifo, mashangazi msinune.

Kahawa juu yangu. Visheti, mwenye uwezo aje navyo.