Kwa Wazazi Vijana wa Mombasa, na kwa Sisi Wazee Tunaowashauri

Wanangu wa Kisiwani, Kisauni, Likoni na Changamwe, Assalamu alaikum, na salamu za heri ziwafikie nyote.

Nawaandikia kwa sababu ya maneno mawili ninayoyasikia kila niendako kumtazama mzazi. La kwanza ni la kina mama: "Bibi, mbona wa jirani ameshasimama dede na wangu hata kutambaa bado?" La pili hulitoa sisi wazee: "Mwacheni, hata babake alichelewa." La kwanza huwatia hofu ya bure. La pili ndilo linaloniuma, kwa kuwa huwachelewesha watoto waliohitaji msaada mapema.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vya watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na ikaonekana kwamba kutembea peke yake huanza popote kati ya mwezi wa 8 hivi na wa 18, na kwamba wapo wachache wanaotembea bila ya kutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Basi wa miezi 11 asiyetembea hana kasoro, wala hahitaji kigari cha magurudumu, ambacho hakimfundishi kutembea bali humfikisha kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka. Mtandikieni mkeka, mlazeni kifudifudi akiwa macho nanyi mpo karibu, shingo na mabega yapate nguvu. Akisinzia, mlazeni chali. Na aliyezaliwa njiti miezi 2 kabla ya wakati, akifika miezi 6 mhesabieni 4.

Lakini kuna yasiyongoja. Mtoto wa miezi 3 asiyemtabasamia mtu, wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, wa miezi 9 asiyeweza kukaa hata akishikwa, na yule aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha, wote hao wapelekwe kuonwa. Zaidi tazameni mikono. Karibu na mwezi wa 9 au wa 10 mtoto huanza kuokota punje ya wali laini mkekani kwa kidole gumba na cha shahada. Mwekeeni upande wa kulia, kisha wa kushoto, mtazame. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, na wa pili ameukunja ngumi, msifurahie kwamba ni mashoto, maana huenda upande wa pili ni dhaifu.

Sikio nalo hujificha. Mtoto asiyesikia hulia, hucheka, hata huguguna miezi ya mwanzo kama wenzake, na mlango ukibamizwa hugeuka kwa kuhisi mtikisiko. Mwiteni kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma, asikuoneni, wala msipige makofi karibu na uso wake. Akifika miezi 9 bila ya kusema ba-ba-ba wala da-da-da, ombeni apimwe masikio.

Sasa nawageukia wazee wenzangu. Mtoto anayeshtuka mfululizo, akijikunja na kujikunjua mara kwa mara, hasa akiamka usingizini, tumezoea kusema ni dege. Dua zisomwe, ndiyo, na hospitali iendewe siku hiyo hiyo, kwani kuna kifafa cha watoto wachanga kinachoudhuru ubongo kila kinapoachwa. Vivyo hivyo aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata manjano kali ya ngozi na macho, afuatiliwe kwa karibu kuliko nduguze.

Mkienda kwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ile ya mwezi wa 9 ambayo wengi huiacha kwa kuwa mtoto ni mzima, msiondoke baada ya sindano na mizani. Ombeni ukurasa wa hatua za makuzi katika kijitabu cha mama na mtoto ufunguliwe. Lenye kuwatia shaka lirekodini kwa simu mkiwa nyumbani, mumwonyeshe muuguzi, na mkiambiwa mngoje, ulizeni mngoje hadi tarehe gani na iandikwe kijitabuni.

Ni mimi bibi yenu,
Mji wa Kale, Mombasa