Malalamiko kwa Uongozi wa Duka: Leza Mliyoniuzia na Bastola Niliyoelekezewa Kifuani

Kwa Uongozi wa Duka,
Houston, Texas.

YAH: KUUZIWA LEZA ISIYOFAA NA KUELEKEZEWA BASTOLA NA MFANYAKAZI WENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima zote, na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu tangazo lililonileta dukani kwenu lilikuwa la Kiswahili na lilisema mnawahudumia watu wa nyumbani kwa lugha yao. Basi naomba nisikilizwe kwa lugha hiyo hiyo.

Sera yenu ya kurudisha bidhaa sitaieleza. Imebandikwa nyuma ya kaunta, mliiandika wenyewe, na risiti yangu ninayo. Naanza na jambo linaloninyima usingizi.

Kijana wenu wa kaunta alinielekezea bastola kifuani. Bastola yenyewe ni yangu. Nilimkabidhi ikiwa tupu, magazini ya risasi imetolewa na slaidi, yaani sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma, imefungwa nyuma, kama kibao cha mlangoni kwenu kinavyoagiza. Akaiachia slaidi ikarudi mbele bila kutazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, akawasha leza mliyoniuzia, kile kifaa cha kufunga kwenye bastola kinachoweka nukta ya mwanga pale risasi itakapopiga, akaniwekea nukta nyekundu kifuani mbele ya wateja, akasema: "Si inawaka hii? Ubovu uko wapi?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeganda.

Sasa nije kwenye bidhaa.

Siku niliyonunua nilieleza shida yangu vizuri. Bastola ni Glock 43, naibeba kiunoni ndani ya nguo, na haina reli, yaani mifereji ya kufungia vifaa, chini ya mtutu. Kwa hiyo leza za kufunga kwenye reli hazinihusu. Niliomba ile inayobana kitanzi cha triga, yaani cha kifyatulio, ambayo swichi yake inakaa mbele ya mpini chini ya kidole cha kati, ili ukishaikamata bastola sawasawa iwake yenyewe. Mtu aliyevamiwa kwenye maegesho ya magari usiku hana nafasi ya kupapasa kitufe. Kijana wenu akaniambia aina hiyo ni gharama za bure, akanipa nyingine ya kubana kwa skrubu, yenye kitufe kidogo ubavuni, akasema "hii inakaa kwenye bastola yoyote". Leza inayokaa kwenye bastola yoyote haijatengenezwa kwa bastola yangu. Hilo nilimwambia pale pale, akanijibu kwamba yeye ndiye mtaalamu.

Nikauliza habari za rangi. Akasema nyekundu na kijani ni urembo tu. Si kweli, na anayeuza leza hana ruhusa ya kutolijua jambo hili. Jicho la binadamu mchana huona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga ambacho ndicho kinachoamua rangi. Leza za kijani za bastola ni za nanomita 520 au 532, nyekundu ni kati ya 635 na 650, na zote za kiraia zinabanwa na kikomo kile kile cha nguvu cha miliwati 5. Nguvu ni moja, lakini kijani kinaonekana kwa ung'avu zaidi sana. Kijani kinakula betri haraka, najua, na ningekubali kununua betri. Hii yenu niliipeleka uwanja wa shabaha asubuhi ya jua, na kwenye yadi 7 nukta ilikuwa imepotea kabisa juu ya karatasi. Jioni ikaonekana. Nikairekebisha kwa ule ufunguo mdogo wa pembe sita, skrubu moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, mpaka nukta na tundu la risasi vikakutana. Kabla sijamaliza boksi moja la risasi, kibanio kilikuwa kimelegea na nukta imehamia kushoto. Leza isiyoshika mahali pake ni hatari kuliko kukosa leza, maana inakudanganya wakati unaiamini.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Lililonirudisha dukani ni ala, yaani mfuko wa kuchomekea bastola kiunoni.

Ala mliniuzia ninyi, siku ile ile, kwenye risiti ile ile. Ni ya Kydex, plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la Glock 43 isiyo na kitu chochote juu yake. Mkishafunga leza chini ya mtutu, umbo limebadilika. Bastola haiingii. Inakwama nusu, na triga inabaki nje. Na mnajua, Ndugu Meneja, au mnapaswa kujua, kwamba Glock haina ile swichi ya usalama ya kusukuma kwa kidole gumba. Kinga zake zote zinafunguka pale triga inapovutwa. Kwa mtu anayeibeba ndani ya nguo, risasi ikiwa chemba, kitu pekee kinachozuia shati, kamba ya koti au kidole kisivute triga ni ala iliyoifunika triga yote. Ala ikishindwa hapo, bastola hiyo inaelekea kwenye paja la mwenyewe.

Ndiyo maana duka linalojali humwuliza mteja leza na ala kwa pamoja, na humwuzia ala iliyofinyangwa kwa bastola hiyo pamoja na leza hiyo. Nilipopiga simu kueleza, kijana yule yule alinishauri niipashe ala kwa mashine ya kukaushia nywele ilegee. Yaani nichukue kitu kinacholinda maisha yangu, nikipanue kwa kubahatisha jikoni kwangu, halafu nikivae tumboni. Huo ndio ushauri wa kitaalamu mnaoutoa.

Nikaamua kuja mwenyewe na vyote vitatu. Na hapa narudi kwenye lile jambo, kwa sababu nataka mlione kama nilivyoliona mimi.

Nilikuwa na sare ya kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kijana hakuniamkia, na mimi ni wa umri wa mama yake. Niliweka bastola kaunta, mtutu ukielekea ukutani. Akaichukua. Sikuona jicho lake likienda kwenye chemba hata mara moja. Slaidi ikafunga kwa kishindo, akaigeuza, na nukta ikatua kwenye kitambulisho changu, kwenye picha yangu. Ikapanda kwenye kifungo cha sare, ikacheza hapo, ikaenda shingoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya kitanzi, juu ya triga. Nilimwambia, "Mwanangu, geuza hiyo." Akasema, "Mama, acha uoga, haina kitu." Akaendelea kuishikilia hivyo hivyo huku akinisomea masharti ya kurudisha bidhaa! Nyuma yangu kulikuwa na mama amemshika mtoto mkono. Kama risasi ingetoka, ingepita kwangu na kwenda kwao. Na leza yenyewe ina kibandiko cha onyo kwamba mwanga usiingie machoni, kibandiko ambacho kilikuwa kinatazama uso wake.

Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umeamua kufyatua. Hizi kanuni mimi nilifundishwa kabla sijafanya mtihani wa kibali cha Texas cha kubeba bastola, risasi 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15, na nilifaulu. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 sheria hainilazimishi hata kuwa na kibali, lakini nilikitafuta kwa sababu sitaki kubeba silaha bila kujua. Mfanyakazi wenu alizivunja kanuni zote tatu kwa mpigo, kaunta kwenu, mchana, akaniita mwoga.

Nadai nirudishiwe fedha zangu zote za leza na ala, dola 164 pamoja na kodi. Nilipoanza kuandika barua hii nilidhani hilo lingetosha. Halitoshi. Nadai pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na meneja mwenyewe, na kijana huyo aondolewe kwenye kaunta ya silaha. Simaanishi ahamishwe zamu. Asishike silaha mbele ya mteja tena.

Kamera iko juu ya kaunta, niliiona. Picha za siku ile zisifutwe. Kifungu cha 22.05 cha Kanuni ya Adhabu ya Texas kinasema kumwelekezea mtu silaha kwa kujua huchukuliwa kuwa ni uzembe wa hatari, awe mwelekezaji aliamini ina risasi au haina. Adhabu yake inafika kifungo cha mwaka 1 jela na faini ya dola 4,000. Nilikuwa niwape wiki mbili. Nimesoma upya niliyoyaandika hapo juu, na nawapa wiki moja. Ikipita kimya, nakwenda polisi na maelezo haya haya. Na kuhusu bidhaa, barua hii ihesabiwe kuwa ndiyo taarifa ya siku 60 inayotakiwa na sheria ya Texas ya biashara ya udanganyifu kabla ya kufungua kesi. Jumuiya yetu hapa Houston nayo itajua, maana ndiyo mliyoiwekea tangazo.

Msinipigie simu. Nataka majibu kwa maandishi, na fedha zirudi kwenye kadi ile ile iliyolipia. Leza na ala ziko kwenye boksi lake pamoja na nakala ya risiti. Nitazileta nikihakikishiwa kwamba atakayenipokea kaunta si yeye.

Wenu,
Mteja wenu,
Houston, Texas.