Kaka, nisaidie na hii ishu ya lifti

Kaka Mudi,

Mambo vipi mzee? Najua umeninunia, toka msiba wa kwa kina Gody sijakutafuta, na Mangi kila akiniona ananiuliza hela yake kama vile mimi ndo niliyekopa, hayo tutayaongea. Huku Arusha baridi imetukamata vibaya, asubuhi ukiwa Sakina huoni hata Meru. Watoto wazima, shemeji yako anakusalimia.

Nimekukumbuka kwa shida, sikufichi. Chalii, yule ninayefanya naye kazi, ameumia mgongo. Tulikuwa tunapandisha seva ya kuhifadhia data, ile ya diski zimejaa mpaka nyuma, inapita kilo 50 kirahisi, na nafasi iliyobaki kwenye raki, lile kabati la chuma la kupangia seva, ni huko juu U ya 38. Kila U, yaani ngazi moja ya raki, ni milimita 44.45, piga hesabu mwenyewe, ukiongeza na miguu ya raki unafika kama mita 1.7, na Chalii unamjua alivyo mfupi. Kanyoosha mikono, kajipinda kidogo aione reli, basi, kitu kikalia kiunoni. Afadhali haikumwangukia.

Kinachoniuma ni kwamba lifti ya kunyanyulia seva ipo aisee! Ya winchi ya mkono, ina breki za magurudumu na kila kitu, imekaa koridoni imefunikwa turubai. Ni ya mwenye jengo, tunakopanga nafasi ya kuweka seva zetu. Meneja wao anasema wao wanauza umeme, ubaridi na nafasi, ukileta mzigo wako nyanyua mwenyewe, maana mpangaji akiiangusha nani atalipa? Bosi wangu naye hawezi kununua mashine ya kutumia mara chache kwa mwaka na pa kuiweka hatuna. Ukiwasikiliza kila mmoja ana pointi, ila anayelala chali nyumbani anachuliwa mgongo si yeyote kati yao.

Halafu watu wanadhani ni suala la nguvu tu. Mmoja akasema tuite vijana wa sokoni Kilombero wanaobeba magunia, nikacheka kwa hasira. Gunia likikushinda unalibwaga, seva unailenga kwenye reli mbili pande zote, mikono mbali na mwili, na njia yenyewe kati ya raki haitoshi watu watatu. Wale NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, wameweka kilo 23 kuwa ndo mwisho, tena hali ikiwa nzuri kabisa, mzigo uko karibu na tumbo na usawa wa kiuno. Ukiupeleka juu ya mabega hiyo namba inashuka. Tungechomoa diski na pawa saplai kwanza ingepungua sana, ila tulishaambiwa tuna saa moja tu ya kuwepo humo ndani.

Na sasa kuna mpangaji mwenzetu anazungumzia kuleta mashine ya AI, DGX H100. Ile ni kilo 130 bana! Watengenezaji wenyewe wanataka itumike lifti. Sijui hiyo nayo wataibeba kwa maombi.

Sheria ya usalama kazini ipo toka 2003, OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, wanakagua mpaka vifaa vya kunyanyulia, ila ukitaja OSHA pale watu wanakuona mchochezi. Fomu za WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, za Chalii naambiwa zinajazwa. Zinajazwa tu kila siku. Mama yake kanipigia jana, nimekosa la kumwambia.

Sasa wewe uko Dar kwenye majengo makubwa, niambie, kwenu mpangaji anaruhusiwa kutumia lifti ya jengo? Anasaini nini? Au mafundi wa jengo ndo wanapandisha na mnalipia kwa saa? Mafunzo anatoa nani, na yanachukua muda gani? Kwenye mkataba wa kupanga kuna kifungu kinachosema mzigo wa kilo ngapi lazima upande kwa mashine? Kama kipo nipigie picha hicho kipande tu, jina la kampuni lizibe. Na lifti ya mitumba inapatikana huko au mpaka iagizwe? Tukichanga wapangaji wote inaweza kutoka?

Hata kwa voisi sawa tu, ila iwe kabla ya Jumatatu, nakutana na meneja saa nne na bosi kasema niende peke yangu.

Wako,
Braza Eli